Mwendo Ndani ya Sekunde Moja: Shata, Jua na Watu wa Nakivale

Mhadhara kwa wapiga picha wa Mbarara na Nakivale

Nina ombi moja kabla sijaanza. Kila mwenye simu afungue picha aliyoipiga leo nje, juani, kisha atazame maelezo yake. Ataona namba kadhaa, na mojawapo imeandikwa hivi: 1/1800, au 1/2400, na kwa wengine 1/4000. Namba hiyo ndiyo iliyonileta hapa.

Inaeleza shata ilikaa wazi kwa muda gani. Katika kamera za kawaida, shata ni pazia dogo lililo mbele ya filamu au mbele ya sensa. Linafunguka, mwanga unaingia, linafunga. Simu nyingi hazina pazia hilo. Sensa yenyewe huamriwa ianze kupokea mwanga na kisha iache. Kazi ni ileile, kwa hiyo nitaendelea kuiita shata. Na 1/4000 maana yake ni kwamba, katika sekunde nzima aliyoishi mtu uliyempiga picha, umechukua kipande kimoja kati ya vipande elfu nne. Vingine vyote umeviacha vipite.

Tupige hesabu kidogo, maana bila hesabu tutabaki kusifu picha tu. Boda boda inashuka High Street hapa Mbarara kwa kilomita 36 kwa saa. Hizo ni mita 10 kila sekunde. Shata ikikaa wazi kwa 1/1000 ya sekunde, boda inasogea sentimita 1, na katika picha itaonekana imesimama kabisa, hata namba yake utaisoma. Kwa 1/100 inasogea sentimita 10: dereva anatambulika lakini kingo zake zimeanza kulainika. Kwa 1/10 inasogea mita nzima, na kinachobaki ni mstari wa rangi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Umbali nao una neno. Boda iliyo mbali inasogea kidogo ndani ya picha kuliko ile inayopita karibu na magoti yako, na inayokujia uso kwa uso inasogea kidogo kuliko inayokukatiza. Lakini msingi ni huo: kadiri shata inavyokaa wazi, ndivyo mwendo unavyoandikwa.

Swali langu ni hili: nani aliyechagua 1/4000? Si ninyi. Simu ndiyo iliyochagua, na haikuwa na njia nyingine. Kamera kubwa ina tundu la lenzi unaloweza kulipanua na kulibana. Tundu la simu nyingi halibadiliki; liko karibu f/1.8, pana sana, kwa sababu watengenezaji walitaka simu ione gizani. Sasa chukua tundu hilo pana, ulisimamishe chini ya jua la saa saba mchana hapa kwetu, karibu kabisa na mstari wa Ikweta ambao wengi wenu mmeuvuka pale Kayabwe mkienda Kampala. Hata ukishusha ISO, yaani usikivu wa sensa kwa mwanga, hadi 50, mwanga ni mwingi mno, na simu inaponea kwenye shata tu: 1/4000, pengine 1/5000. Kila kinachotembea mbele yake kinaganda. Mwenye simu hakuombwa ushauri.

Ndiyo maana picha nyingi za ngoma tunazopiga mchana zinasikitisha. Wachezaji wamepiga ngoma mpaka ardhi imetikisika, kisha tukitazama picha tunaona watu waliosimama na vijiti hewani.

Nizungumzie ngoma za Warundi, kwa kuwa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale zinasikika tangu zamani, na zimeongezeka tangu watu wengi walipoikimbia Burundi kuanzia mwaka 2015. Mnazijua: gogo zima la mti limetobolewa ndani, limewambwa ngozi ya ng'ombe na kukazwa kwa vigingi. Wapigaji huingia uwanjani wakiwa wamebeba ngoma kichwani huku wanazipiga, kisha huzipanga nusu duara, na katikati wanaweka ile inayoongoza, inkiranya. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma hiyo ya kifalme katika orodha ya urithi wa binadamu. Mpigaji ana mikwiro miwili. Tuseme ncha ya mkwiro inakwenda mita 5 kwa sekunde. Kwa 1/1000 inasogea nusu sentimita: mkwiro unaonekana mzima, umenyooka hewani, na anayetazama hajui kama unashuka kwa nguvu au umeinuliwa tu ili mtu apumzike. Kwa 1/60 ncha inasogea sentimita 8, na mkwiro unaanza kufunguka kuwa upepeo mwembamba. Kwa 1/15 inasogea zaidi ya sentimita 30, upepeo umejaa. Lakini ngoma yenyewe haijasogea. Iko wazi, kila kigingi kinahesabika. Na uso wa mpigaji, ukimsubiri pale anapotulia kati ya mapigo, nao unaweza kubaki wazi. Sasa umepata picha inayopiga kelele: kitu kizito kimekaa, na juu yake kuna kitu chepesi kisichoshikika. Vyote viwili ni vya kweli, na 1/4000 ilikuwa imekupa kimoja tu.

Mabishano haya, ya kuugandisha mwendo au kuuacha uonekane, ni ya zamani kuliko filamu ya rangi. Mwaka 1838 Louis Daguerre aliweka kamera dirishani akapiga picha ya Boulevard du Temple, barabara yenye shughuli nyingi mjini Paris. Sahani yake ilihitaji dakika kadhaa za mwanga. Magari ya farasi na watu waliopita wote walifutika. Barabara ikatoka tupu kama siku ya msiba. Aliyebaki anaonekana vizuri ni mtu mmoja aliyesimama kusafishiwa viatu. Ikumbukeni picha hiyo, nitairudia punde. Miaka 40 baadaye, 1878, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi kule Palo Alto, California, kwa gharama za tajiri Leland Stanford, na farasi akawa anakata nyuzi zinazofungua shata moja baada ya nyingine. Picha zilionyesha kwamba kweli kuna wakati kwato zote nne ziko hewani, tena zikiwa zimekunjwa chini ya tumbo, si zimenyooshwa mbele na nyuma kama wachoraji walivyokuwa wakichora kwa karne nyingi. Jicho halikuwahi kuuona ukweli huo.

Basi wengi wakasema: kamera imewaumbua wachoraji. Mchongaji Auguste Rodin hakukubali. Alishikilia kwamba mchoraji ndiye mkweli na picha ya kamera ndiyo inayodanganya, kwa sababu katika maisha wakati hausimami. Mimi kwa farasi nakubaliana na Muybridge, kwa kuwa swali lake lilikuwa la kisayansi na jibu lake lilikuwa kamili. Kwa ngoma nakubaliana na Rodin. Anayetaka kujua mkwiro uko wapi katika nukta fulani, agandishe. Anayetaka kuonyesha kwamba watu wanapiga ngoma, awape sehemu kubwa zaidi ya sekunde.

Sasa nirudi kwa yule mtu wa Paris. Daguerre aliwapoteza waliotembea kwa sababu hakuwa na uwezo wa kufanya vinginevyo. Sisi tuna uwezo wote, na bado waliotembea tunawapoteza. Tazameni picha za Nakivale zinazozunguka duniani. Makazi haya yalifunguliwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya miaka ile. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yaliyodumu muda mrefu kuliko yote barani Afrika. Leo yana watu zaidi ya 150,000: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea, na Kiswahili kimekuwa daraja baina ya wengi wao. Lakini ukitazama picha utadhani ni watu waliokaa tu. Mama amekaa mbele ya turubai. Mtoto ameshika sahani ya bati, anatazama lenzi. Watu wamepanga foleni. Na kila mtu mzima wa Nakivale ana picha yake ya usajili; ule uhakiki mkubwa wa mwaka 2018, wa alama za vidole na mboni za macho, ulimsimamisha kila aliyekuwepo mbele ya kamera na kumtaka asitikisike.

Sikatai picha ya usajili. Ina kazi yake, na bila kadi mtu hapati msaada wa chakula. Wala si kwamba foleni si za kweli. Lakini nendeni kanda ya Base Camp asubuhi. Boda zinapokezana abiria. Mashine za kusaga zinanguruma, unga unaruka mpaka kwenye nyusi za msagaji. Kinyozi anazungusha mashine shingoni mwa mteja. Mama wa chapati anaurusha unga kutoka kiganja hadi kiganja. Wavuvi wametoka ziwani, jembe limeanza kazi katika kanda za Rubondo na Juru kabla jua halijawa kali. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea nchini na ya kufanya kazi, na watu wanaitumia haki hiyo kila siku: magari yanayokuja Mbarara yamejaa. Watu hawa wanakwenda. Aliyewapiga picha alingoja wakae, au aliwakalisha, ndipo akabonyeza. Kwa hiyo wamegandishwa mara mbili: mara ya kwanza na jicho la mgeni, mara ya pili na simu za vijana wetu wenyewe, ambazo chini ya jua letu hazijui kufanya kingine. La kwanza linahitaji mjadala mrefu na watu wengi. La pili tunaweza kulirekebisha wiki hii.

Nianze na saa ya kupiga. Kwetu jua linazama karibu saa moja jioni mwaka mzima, na linashuka wima, kwa hiyo giza halichelewi. Kutoka jua kuzama hadi weusi ni nusu saa, na nuru nzuri haidumu hata muda huo. Dakika kumi au kumi na tano baada ya jua kuzama, simu yenye tundu la f/1.8 na ISO 50 inaweza kukupa 1/30 bila kuiunguza picha. Hiyo ndiyo saa ya mwendo. Mwenye kamera yenye tundu la kubana ana nafasi kubwa zaidi: akiweka f/16 na ISO 100, siku ya mawingu mazito atapata 1/30 hata adhuhuri. Mtu wa simu anayetaka mchana lazima aweke kioo cheusi mbele ya lenzi. Watu wengi hujaribu miwani ya jua. Inasaidia, lakini kidogo: itakutoa 1/4000 na kukufikisha kama 1/600, na boda bado imeganda. Kioo cha wapiga picha kinachopunguza mwanga mara 64 kitakufikisha kwenye 1/60 au 1/80, na hapo kazi inaanza. Asiye na kioo aingie kivulini, au ndani ya nyumba yenye mlango mmoja wazi. Picha nzuri za mashine ya kusaga nimeziona zimepigwa ndani namna hiyo, mwanga unaingia ubavuni, mkono wa msagaji umekuwa moshi na gunia limesimama imara.

Lakini kitu ninachokipenda kuliko vyote, na wenyeji wa Ankole mnisamehe nikikaa hapo muda mrefu, ni ngoma yenu ya ekitaguriro. Mnajua ng'ombe wa Ankole wana thamani gani katika nchi hii. Hata mjini tumemsimamishia sanamu. Sanamu imesimama. Ekitaguriro inamtembeza yule ng'ombe. Mchezaji anainua mikono juu ya mabega, viganja vimepinda, na hapo ndipo pembe zilipo; chini, miguu inaipiga ardhi upesi upesi mpaka vumbi linapanda magotini. Kwa mpiga picha hii ni zawadi, kwa sababu mwili mmoja una kasi mbili. Mikono inakwenda polepole, kwa madaha. Miguu haishikiki.

Mpigeni mchezaji huyo kwa 1/500. Kila kitu kimesimama: mikono, vitambaa, punje za vumbi, mguu mmoja umening'inia sentimita chache juu ya ardhi kana kwamba mtu ameona miiba. Ni picha safi, na inaweza kufaa kumfundishia mtoto mkao wa mikono. Shuka hadi 1/30. Mikono imebaki, pembe zinaonekana wazi zikiinuka kwenye nuru ya jioni, lakini kuanzia magotini kwenda chini mtu amekuwa vumbi, na vumbi limekuwa mtu. Ukimsubiri mchezaji wakati pembe zimefika juu kabisa, kabla hazijaanza kushuka, utapata mikono iliyo wazi zaidi, kwani kila kitu kinachopanda na kushuka hutulia kidogo pale juu. Halafu shuka tena hadi 1/4. Sasa pembe zenyewe zimefumuka, nyuso zimepotea, na picha ni rangi zinazopepea. Kuna wanaoipenda. Mimi naiona imevuka mpaka, kwa sababu ng'ombe ametoweka, na ekitaguriro bila ng'ombe inaweza kuwa ngoma yoyote. Kwa 1/4 mpigeni picha intore, mchezaji ngoma wa Kinyarwanda, wakati anazungusha ile singa ndefu kichwani. Hapo singa inachora duara, na duara hilo ndilo analolitafuta mchezaji mwenyewe.

Kwa mwendo wa barabarani kuna njia nyingine: si kuisubiri boda ipite, ni kuifuata. Simama imara, miguu isitoke ilipo, viwiko vibane mbavuni, geuza kiuno tu. Ichukue boda kwenye kioo ingali mbali, ifuate kwa kasi yake, bonyeza taratibu inapokuwa mbele yako, na usiache kuifuata baada ya kubonyeza. Wengi hukosea hapo, wanasimama ghafla na picha inatikisika. Kwa 1/30 boda ingekuwa imesogea sentimita 33, lakini kwa kuwa lenzi imekwenda nayo, dereva anatoka wazi na mkungu wa matoke nyuma yake unatoka wazi, huku maduka yote yamekuwa mistari na spoku za gurudumu zimekuwa sahani moja ya mwanga. Picha nyingi zitaharibika. Pigeni nyingi.

Mawili ya kiufundi niyapitie haraka. Mara nyingine gari likipita kasi, kwenye simu linaonekana limelala upande. Simu haijaharibika: sensa inasoma picha mstari kwa mstari, na inapofika mstari wa mwisho gari limeshasogea. Mfaransa Jacques Henri Lartigue alipata jambo kama hilo na gari la mashindano zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwa kuwa pazia la kamera yake lilikuwa ufa unaopita mbele ya kioo. Gurudumu likatoka yai, na picha ikawa maarufu kwa sababu hiyohiyo. La pili: katika kumbi zenye taa za umeme mnaona mistari myeusi imekatiza picha. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi zinawaka na kufifia mara 100. Wekeni 1/100 au 1/50, mistari itapungua au itaondoka.

Nisieleweke kwamba napiga vita shata ya haraka. Mpira ukigusa wavu katika uwanja wa Kakyeka nataka 1/1000 na nataka kuona mishono ya mpira. Mtoto akiruka kamba, miguu yote miwili hewani, mgandishe. Hiyo ni furaha ambayo jicho halipati muda wa kuitazama. Na kuna mwendo ambao sipendi kuuona umefanywa ukungu: watu wanaowasili kutoka mpakani na godoro kichwani na mtoto mgongoni. Wapiga picha huvutwa kuwageuza mistari ya rangi, picha ikapendeza ukutani. Watu hao wana sura, na siku ile sura ndiyo kitu walichobaki nacho. Wakikubali kupigwa, wapewe shata itakayoonyesha vizuri wanachokibeba.

Lakini kuna wengine hali yao ni kinyume. Wako Nakivale watu ambao hawataki kabisa sura zao zionekane, kwa sababu walichokikimbia bado kinawatafuta, au wana ndugu waliobaki nyuma. Kwao shata ya polepole ni stara. Fundi cherehani akitikisa kichwa kidogo tu wakati shata ya 1/8 iko wazi, uso wake unaweza usimtambulishe kwa mtu yeyote, ilhali mikono yake juu ya kitambaa, na gurudumu la cherehani, na kazi yenyewe, vyote vimo. Hiyo ni bora kuliko kumwekea mstari mweusi machoni kama mhalifu, na ni bora kuliko kumpiga kisogo. Ila msimwamulie. Mgeni anayekwenda kupiga picha za kuchapishwa huko anahitaji kibali cha Ofisi ya Waziri Mkuu, lakini kibali hicho hakimlazimishi mama yeyote kukubali. Mwambieni, "Mama, naomba nikupige ukiwa kazini, na ukitaka uso usionekane nitafanya usionekane." Mpigeni, kisha mwonyesheni kwenye kioo cha simu hapohapo, aikuze picha kwa vidole vyake mwenyewe. Akisema bado anajiona, shusheni shata zaidi mrudie. Akisema hataki, ifuteni yeye akiwa anatazama, na msisahau lile kapu la simu ambamo picha zilizofutwa hukaa, kwenye simu nyingi, kama siku 30 kabla ya kuondoka kabisa.